Breki Zina Hiari, Mwenye Gari Hana

Katika ukoo wetu mtu akifa, kalamu inaletwa kwangu. Sijawahi kuiomba. Nilisoma fasihi chuoni, na tangu hapo shangazi zangu wakaamua kwamba anayejua riwaya lazima atajua na wasifu wa marehemu. Nimeshaandika saba. Wa sita ulikuwa wa binamu yangu, aliyefia kwenye hiace iliyoshindwa kusimama kwenye mteremko, hapa hapa Mbeya, na huo ndio unaonikosesha usingizi. Siyo kwa sababu niliuandika vibaya. Niliuandika vizuri mno.

Sehemu ya mwisho ilisomeka hivi, na ninainukuu kwa sababu ni kazi yangu mwenyewe na sina wa kumwomba ruhusa: "Siku ya Alhamisi jioni marehemu alipata ajali ya gari alipokuwa akirudi nyumbani. Gari lilipata hitilafu, breki zikakataa, likaacha njia na kupinduka. Alikimbizwa hospitali lakini mauti yakamfika. Sisi tulimpenda, ila Mungu kampenda zaidi. Kazi ya Mungu haina makosa."

Watu wakalia. Mzee mmoja wa kanisa akanishika mkono, akaniambia nina kipaji. Mchungaji aliposimama kuhubiri alianzia pale nilipoishia: hakuna kinachotokea chini ya jua bila Bwana kujua, siku zetu zimehesabiwa, nani wewe umuulize Mfinyanzi. Nikajisikia kama mpiga pasi nzuri aliyeona mwenzake akifunga goli.

Baadaye sana, nikiwa peke yangu na ile karatasi, nilifanya kitu ambacho ningemfanyisha mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu. Nilitafuta mtenda. Nani anafanya nini katika aya hii?

Marehemu "alipata" ajali, kama mtu anavyopata barua. Gari "lilipata" hitilafu, nalo vilevile, kama linavyopata vumbi. Breki "zikakataa". Gari "likaacha" njia. Mauti "yakamfika". Mtenda mmoja tu mwenye akili na utashi anaonekana katika aya nzima, na huyo ni Mungu. Lugha yetu ina kauli ya kutendeka, ile ya kuvunjika, kukatika, kupinduka, kumwagika, na ni kauli yenye manufaa makubwa. Mtoto akivunja kikombe anakwambia "kimevunjika", na mama yoyote anajua kwamba hapo kuna mtu anafichwa. Msibani tunaongea kama yule mtoto, na mama hayupo wa kutukodolea macho.

Ila kilichonishtua zaidi ni zile breki. Zilikataa. Chuma kimepewa hiari. Gari nalo limepewa hiari, liliamua lenyewe kuacha njia. Katika sentensi tano za Kiswahili fasaha nilikuwa nimegawa utashi kwa kila kitu kilichokuwepo barabarani siku ile, nikambakiza mtu mmoja bila utashi wowote, bila hata kutajwa. Mwenye gari.

Sasa nikwambie kila aliyekaa chini ya lile turubai alichokuwa anajua. Kondakta, ambaye alitoka na mkono uliovunjika, alikuwa ameshaeleza hospitalini, na habari za hospitalini zinafika msibani kabla ya maiti. Jumatatu dereva alimwambia tajiri yake kwamba breki hazishiki, mpaka azipampu mara mbili tatu. Tajiri akasema malizieni wiki, Jumapili tutamwita fundi. Jumanne gari likalala gereji bila kuguswa kwa sababu hela ya vipuri haikutolewa. Jumatano likafanya kazi. Alhamisi likafanya kazi mpaka saa kumi na mbili jioni.

Yule tajiri alikuwepo msibani. Alileta magunia mawili ya mchele na rambirambi ambayo ilisomwa kwa sauti. Alikaa viti vya mbele. Siyo mtu mbaya, nataka hilo lieleweke, na alilia machozi ya kweli. Tulipopeana mkono alinivuta karibu akaniambia: "Kazi ya Mungu, mwalimu." Nikajibu: "Ndiyo, kazi ya Mungu." Nilimjibu mimi, mwenye kalamu.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kuandaa majibu. Kwamba huyu mwandishi amepoteza imani. Sijapoteza. Nimebatizwa Kilutheri, nimepata kipaimara, na naamini kwamba Mungu anatawala. Naliamini hilo kuliko wale wanaolisema haraka. Ugomvi wangu ni na kitu kingine kinachovaa joho la mafundisho hayo, kinachoingia msibani na kutoka na mtu aliyestahili kuulizwa maswali.

Tukiri kwanza kwamba lile neno lina mahali pake. Wasifu wa saba nilioandika ulikuwa wa babu yetu mdogo, aliyefariki akiwa amewaona vitukuu, usiku, kitandani kwake, mvua ikinyesha Tukuyu kama kawaida yake. Pale niliandika kwamba kazi ya Mungu haina makosa na mkono wangu haukutetemeka. Kuna vifo ambavyo mwanadamu hana la kuongeza wala la kupunguza, na kumwachia Mungu hapo ni adabu. Shida yangu ni kwamba tunatumia sentensi ile ile, kwa sauti ile ile, kwa babu aliyeshiba siku na kwa kijana aliyeuawa na breki za Jumatatu. Dawa inayotibu kila ugonjwa, sisi wa Nyanda za Juu tunaijua vizuri inauzwa na nani, na stendi gani.

Na siyo habari ya binamu yangu tu. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma ndiyo uti wa mgongo wa mikoa yetu, na kila mkazi anaweza kukutajia milima yake kama mtu anavyotaja majina ya watoto: Kitonga upande wa Iringa, Mlima Nyoka hapa Uyole, Iwambi kuelekea Mbalizi. Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, basi lililokuwa limetoka Mbeya liligongana na lori, kontena likaliangukia, watu zaidi ya 40 wakafa. Julai 2018 lori liliwashukia watu kwenye mteremko wa Iwambi wakiwa kwenye magari ya abiria, wakafa wapatao 20. Soma nilivyoandika sentensi hizo mbili. Nimejitahidi na bado: kontena likaliangukia, lori liliwashukia. Ni kama lugha yenyewe inateleza kwenye mteremko.

Siku hizo makanisa yetu yalijaa. Nilisikia mahubiri ya aina mbili, na ningependa kuyapiga yote mawili, maana watu hudhani yanapingana.

Ya kwanza ni haya niliyoyaeleza: Mungu alipanga. Ya pili yanatoka kwa ndugu zetu wa maombi na maombezi, ambao hawapendi kusikia habari za kupangiwa. Wao wanaamini hiari ya mtu ina nguvu kama injini. Kuna pepo wa ajali, wanasema, anakaa mlimani anataka damu, na mwamini aliyesimama sawasawa anamkemea kabla hajapanda gari. Nimeona watu wakishuka njiani wakapiga magoti kwenye nyasi kuikemea roho ya mauti, machozi yakiwatoka, na malori yanapita nyuma yao yananuka breki zilizoungua. Sicheki maombi yao. Naomba tu uangalie kinachofuata kimantiki. Kama aliyekemea alifika salama, basi aliyekufa hakukemea. Mjane anarudi nyumbani akijiuliza kama mume wake alisali asubuhi ile. Nimemsikia mwanamke akiulizwa hivyo, msibani, na mtu aliyedhani anamfariji.

Kwa hiyo upande mmoja hiari yote ni ya Mungu, upande mwingine hiari yote ni ya maiti. Mabishano ya miaka elfu moja na mia sita, kuanzia Augustino na Pelagio, yamefika Mbalizi yakagawanyika hivyo. Na katika migawanyo yote miwili tajiri wa gari anakula wali wa msiba kwa amani.

Wahubiri wa upande wa kwanza hupenda Biblia, basi twende kwenye Biblia. Ayubu ndiye anayetajwa kila msiba, kwa yale maneno yake ya sura ya kwanza ambayo kila mtu anayajua kwa moyo. Ni maneno makubwa, na aliyeyasema ni mfiwa mwenyewe, akiwa amenyoa kichwa, amelala chini. Hayakusemwa na jirani aliyekuja na mchele. Halafu watu hufunga kitabu wakiwa wamebakiza sura arobaini na moja. Katika sura hizo Ayubu hakubali tena kunyamaza, anadai kesi, anataka kusimama na Mungu mahakamani. Waliokuja kumpa maelezo ya kiteolojia ni rafiki zake watatu, wenye hotuba nzuri, zenye mizani, ambazo ukizisoma bila kujua nani kasema utadhani ni mahubiri ya juzi. Na mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao. Si yule mlalamikaji. Anawakasirikia watetezi wake. Ningekuwa mchungaji ningeogopa sura hiyo kuliko Ufunuo.

Kuna na mnara wa Siloamu, Luka 13. Jengo lilianguka likaua watu kumi na wanane. Yesu anakataa kabisa kusema kwamba wale walikuwa na deni kubwa kuliko wengine wa Yerusalemu. Mlango wa kumlaumu maiti anaufunga. Halafu anawageukia waliobaki hai na kuwaambia watubu. Wahubiri wetu wanaipenda toba hiyo, ila huifanya ihusu ulevi na uzinzi. Mimi huwa namfikiria fundi aliyejenga ule mnara, kama alikuwepo kwenye umati, na uso wake ulikuwaje.

Ninayoipenda kuliko zote, lakini, iko kwenye vitabu ambavyo hatuvisomi misibani kwa sababu vinanuka mifugo. Kutoka 21 ina sheria ya ng'ombe. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe auawe, mwenyewe hana hatia. Ila kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia ya kupiga pembe, na mwenyewe aliambiwa, na hakumfunga, basi mwenye ng'ombe ana damu juu yake. Rudia: aliambiwa, hakumfunga. Hiyo ni Jumatatu ya binamu yangu, imeandikwa kabla ya gurudumu la kwanza kupita Mbeya. Na Kumbukumbu la Torati 22 inamwagiza mtu anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo pembeni ya dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu yule yule anayehesabu siku zetu anaagiza ukuta wa dari. Haoni mgongano wowote. Hakusema waacheni waanguke ambao siku zao zimefika.

Methali yetu "ajali haina kinga" ingekuwa na maisha magumu sana mbele ya Musa.

Hapa nisogee upande wa Walutheri wenzangu, maana sisi tuna kisingizio kilichosomeka. Wamisionari wa Berlin waliingia huku mwaka 1891, mwaka ule ule Wamoraviani walipoanza Rungwe, wakateremka na Ulutheri wao mpaka Iringa, na leo ukimbana msomi wetu kuhusu hiari atakutajia kitabu cha Luther cha 1525, alichomjibu Erasmus. Ni kweli. Luther alisema utashi wa mwanadamu umefungwa, ni kama mnyama anayepandwa, na hajichagulii mpandaji. Nimewahi kukisikia kitabu hicho kikitajwa na mtu aliyekuwa anaeleza kwa nini bweni liliungua.

Shida ni kwamba Luther alikuwa anazungumzia wokovu. Mtu hawezi kujiokoa, nukta. Katika kitabu hicho hicho anakubali kwamba juu ya mambo yaliyo chini yake, mali yake, mifugo yake, matumizi ya fedha zake, mwanadamu ana uhuru wa kuamua. Na kama kitabu cha mtu mmoja hakitoshi, Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo ni msingi wa kila kanisa la Kilutheri duniani, katika kifungu cha 18 linampa mwanadamu uhuru kiasi katika mambo ya uraia na yale yanayofikiwa na akili. Na kifungu cha 19 kinakataa kwamba Mungu ndiye chanzo cha dhambi, kinasema chanzo ni utashi wa waovu. Breki ni mambo yanayofikiwa na akili. Bweni lenye mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli kwa nje ni jambo linalofikiwa na akili. Hata Wakalvini, ambao wanasifika kwa kumpa Mungu kila kitu, waliandika kwenye Ungamo la Westminster kwamba amri ya Mungu haifuti hiari ya viumbe wala haziondoi sababu za pili. Sababu za pili! Pedi za breki zilizokwisha ni sababu ya pili. Kanisa zima la Magharibi lilikaa, likabishana, likaraliana na kufukuzana, na pamoja na yote hayo hakuna upande uliofika kwenye hitimisho letu, kwamba kwa vile Mungu anatawala basi mwenye gari asiulizwe.

Wamoraviani ni mfano mzuri zaidi, nami nawasema kwa upendo, nusu ya ukoo wetu ni wao. Hakuna watu waliomwachia Mungu uamuzi kuliko wao. Karne ya 18 huko Herrnhut walikuwa wanapiga kura kujua nani aende misheni na hata nani aoane na nani. Mpaka leo andiko la kila siku wanalosoma asubuhi, kitabu ambacho kimechapishwa mfululizo tangu 1731, linachaguliwa kwa kura. Watu hao walipofika Rungwe walichimba misingi. Hawakupiga kura kujua kama nyumba inahitaji msingi.

Kwa hiyo tulilipata wapi hili letu?

Kuna jibu la haraka, kwamba Mwafrika ana asili ya kukubali majaliwa. Ni jibu la uvivu na kwa Wanyakyusa si kweli hata kidogo. Monica Wilson aliishi Rungwe miaka ya 1930 na akaandika alichokiona: watu wale walikuwa hawakubali kirahisi kwamba ugonjwa au kifo kimekuja tu. Waliuliza nani. Nani kanung'unika? Nani kamkosea nani? Kulikuwa na imani ya pumzi ya watu, kwamba manung'uniko ya haki ya majirani dhidi ya mtu aliyewadharau wazazi wake au aliyekuwa mchoyo yangeweza kumletea baridi na homa, na njia ya kupona ilikuwa watu wakae, waseme kinachowaudhi, wasikilizane. Kyala, jina ambalo wamisionari walilichukua likawa la Mungu wa Biblia, hakuwa kifuniko cha kila chungu.

Sitaki turudi huko. Swali la "nani" lilikuwa na jibu baya: lilimwangukia bibi kizee mwenye macho mekundu, au mke mdogo, au jirani aliyepata mavuno mazuri mwaka wa njaa. Kanisa lilipokuja na kusema acheni kutafuta mchawi lilifanya kazi njema, na kuna watu wako hai leo kwa sababu hiyo. Ila nadhani tulibadilishana vibaya. Tulikuwa na swali zuri lenye jibu baya. Tungeweza kubaki na swali tukatafuta jibu zuri. Badala yake tulitupa vyote viwili, tukaweka Mungu mahali alipokuwa mchawi. Kazi yake ni ile ile: kutuondolea shida ya kwenda gereji kuuliza.

Na tusijidanganye kwamba hatuna uwezo wa kuzungumza vinginevyo. Nenda Kalenga, pale Iringa, lilipo fuvu la Mkwawa tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Muulize mtu yeyote Mkwawa alikufaje. Hutasikia kwamba mauti yalimfika. Utaambiwa: alijipiga risasi, kule Mlambalasi, Julai 1898, kwa sababu alikataa Wajerumani wamkamate. Kitenzi kiko wazi, mtenda yuko wazi, sababu iko wazi. Muulize na habari za Lugalo, Agosti 1891, utaambiwa nani alimvizia nani na Zelewski alikufaje. Unaweza kubishana kama kanisa linakubali mtu kujiua, na mapadre na wachungaji wa Iringa wana haki ya kukunja uso hapo. Lakini hakuna Mhehe anayemnyang'anya Mkwawa uamuzi wake na kumkabidhi Nguluvi. Mulokozi aliandika tamthilia nzima, Mukwava wa Uhehe, juu ya watu wanaoamua. Inaonekana ukifa mkubwa unaruhusiwa kuwa na vitenzi. Abiria wa hiace anafia kwenye kauli ya kutendeka.

Au chukua darasa la fasihi, ambako wengi wenu mnaosoma hapa mlianzia. Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971. Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana, anamfungia dunia, na dunia ilipomfungukia Rosa alikuwa hajui kuogelea. Swali ambalo walimu wa fasihi hawachoki kuliuliza ni moja: nani alaumiwe kwa kuangamia kwa Rosa? Na sisi, vijana wa miaka kumi na saba, tuliandika kurasa nne. Tulimtaja baba, tukataja mama aliyenyamaza, shule, jamii, Rosa mwenyewe. Tuligawa lawama kwa vipimo, huyu zaidi, yule kidogo. Hakuna aliyeandika kwamba Mungu alimpenda Rosa zaidi. Angepata sifuri, na angestahili.

Tunajua kusoma, basi. Tunasoma watu wa kubuni kwa haki kuliko tunavyosoma binamu zetu.

Rafiki yangu mmoja, mchungaji, mtu ninayemheshimu, alipoisoma rasimu ya makala haya aliniambia nimesahau kitu. Alisema: wewe unaandika mezani, mimi nasimama mbele ya mama ambaye hajala siku tatu. Unataka nimwambie nini? Kwamba mwanawe angekuwa hai kama fundi angeitwa Jumatatu? Hiyo ni sumu. Neno la Mungu ni kamba, aliniambia, hata kama ni fupi, namtupia ashike.

Hoja hii ndiyo pekee iliyonisumbua, na sitajifanya nimeimaliza. Ni kweli, kuna saa ambayo ukweli wa gereji ni ukatili. Ningemwomba rafiki yangu aangalie vitu viwili tu. Kwanza, amechukulia kwamba yule mama hajui. Pili, aangalie kamba hiyo inashikwa na nani. Mama anaishika siku moja, mbili. Mwenye gari anaishika maisha. Wiki tatu baada ya mazishi nilimwona hiace mwingine wa tajiri yule yule akiteremka mlima ule ule bila gia ili kubana mafuta, amejaza mpaka mlangoni. Alikuwa amefarijiwa, na alirudi kazini.

Na kuna jambo la kiimani hapa ambalo nashangaa wachungaji hawalioni haraka kuliko mimi. Yule mtu aliyekuwa analia kwenye kiti cha mbele alihitaji kutubu. Nadhani alitaka. Aliponivuta karibu na kuniambia "kazi ya Mungu, mwalimu", mkono wake ulikuwa unatetemeka, na sasa naamini alikuwa anauliza. Mimi nikamjibu kama karani, nikampigia muhuri. Tulimnyima kitu ambacho Ukristo unajigamba nacho kuliko dini yoyote. Huwezi kumsamehe mtu ambaye umeshamwambia hakufanya kitu. Alikwenda nyumbani hana hatia na hana msamaha.

Mwaka huu nilikwenda kwa shangazi, mama yake marehemu. Anaishi juu kidogo ya barabara, anauza ndizi na parachichi, na malori anayasikia usiku kucha yakibadilisha gia. Nilikuwa nimeuandika upya ule wasifu, aya ya mwisho tu. Sikujua kama nina haki ya kumsomea. Nilikunywa chai vikombe viwili kwanza, tukaongea habari za mvua na ada za shule, halafu nikatoa karatasi nikamsomea kwa sauti ya chini: "Jumatatu dereva alimwambia mwenye gari kwamba breki hazishiki. Mwenye gari alisema gari limalize wiki. Alitunza fedha za vipuri. Dereva alijua, na Alhamisi aliendesha. Askari wa barabarani walilisimamisha gari mara mbili siku hiyo na kuliruhusu. Marehemu alipanda saa kumi na moja na nusu."

Shangazi alikuwa anapanga ndizi. Hakuacha kupanga. Alichukua muda, nikaanza kujuta.

"Umesahau tairi, baba," alisema. "La nyuma, la kushoto. Lilikuwa kipara."